Pipa Tulilogombania

Mjukuu wangu Halima anafanya kazi ya kompyuta Nairobi. Siku ya Idd alinikuta uani nikinoa kisu, akaketi juu ya jerikeni, akaanza kunieleza kwa nini macho yake ni mekundu. Kuna mfumo, alisema, unaoendesha kompyuta, na hauna mwenyewe. Watu wa nchi nyingi wameuandika pamoja, na mtu yeyote anaweza kuufungua, kuangalia ndani, kubadilisha kitu na kumpa mwenzake bure. Sasa watu hao wanagombana. Wengine wanataka sehemu mbili za msingi, ambazo tangu mwanzo zilikaa mbalimbali, ziunganishwe ziwe kitu kimoja. Wengine wanasema hapana, zilitenganishwa kwa sababu. Wanatukanana usiku na mchana, na wengi wao hawajawahi kuonana.

"Babu, hii vita huwezi amini," alisema. "Watu wamewachana juu ya hiyo kitu. Marafiki kabisa!"

Nilicheka mpaka nikaweka kisu chini. Msichana alidhani ananiletea habari mpya. Nikamwambia mimi na fundi mwenzangu Farah tuliachana kabla mama yake hajaolewa, na yetu haikuwa kompyuta, ilikuwa pipa la maji. Akaniuliza nani alishinda. Sikumjibu siku hiyo, kwa hiyo namjibu hapa, na nyinyi wengine vijana mnaoshika spana au mnaoshika kompyuta mnaweza kusikiliza. Sina hadithi tamu, na kama mnatafuta mzee wa kuwapa moyo, nendeni nyumba ya jirani.

Mimi ni Dida, fundi wa mashine za visima. Miaka ya sabini na themanini, ukitoka Isiolo kwenda Kulamawe mpaka Sericho, au ukienda upande wa Oldonyiro, mahali ambapo ng'ombe walikunywa wakati wa kiangazi palikuwa na injini ya dizeli, mkanda, pampu na birika refu la saruji. Injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha pampu, pampu inavuta maji kutoka chini, maji yanaingia birikani. Kando ya injini palisimama pipa lililojaa maji. Paipu mbili zilitoka kwenye pipa zikaingia kwenye injini, na maji yalizunguka humo ili injini isiungue. Pipa lilikuwa la injini peke yake. Maji ya ng'ombe yalikuwa ya ng'ombe. Shikeni hilo tu, mengine yote yanatoka hapo.

Aliyetufundisha kazi ni Mzee Jama. Alikuwa mtoto wa askari, wale waliopigana vita vya Mwingereza kisha wakapewa mahali pa kukaa hapa Isiolo. Ukoo wao ulikuwa na malori, na yeye alikuwa na gereji yenye ukuta mrefu wa mabati. Ukuta ule ndio ulikuwa shule yetu. Fundi akibuni kitu, bushi mpya, ile pete ambamo chuma huzunguka, au namna mpya ya kushika valvu, alitengeneza cha pili akakitundika ukutani kwa waya. Fundi mwingine yeyote, awe Msomali, Mborana, Mmeru au Mturkana, aliingia, akakishusha, akakipima, akaenda kutengeneza chake. Hakuna aliyelipa. Sababu ilikuwa rahisi: leo mashine ya mbali ikiharibika, hujui ni fundi gani atapata lori la kwenda huko. Akifika, lazima aikute anaijua.

Kulikuwa na sheria ya pili, na hii ndiyo wengi hawakuipenda. Ukibuni kitu, unakiweka kwanza kwenye mashine moja, na unakaa hapo nacho kiangazi kizima. "Kama ni mtoto yako, lala na yeye," Mzee Jama alisema. Mimi niliwahi kuleta bushi za mti mgumu, nikiwa na uhakika kwamba nimewashinda mafundi wote wa dunia. Nikatumwa nikae nazo. Nilikunywa maziwa ya ngamia mpaka tumbo likazoea, mbuzi akala shati langu zuri, na kiangazi hakijafika nusu bushi zikapasuka. Nilirudi na vipande mfukoni nikitafuta pa kuvitupa. Mzee Jama akanyoosha mkono, akavichukua, akavitundika ukutani.

"Hii pia ni elimu," alisema. "Mwingine asirudie ujinga yako."

Vipande vile vilikaa pale miaka mingi, na kila fundi mgeni aliambiwa ni vya Dida.

Farah tulianza naye kazi pamoja. Yeye alikuwa wa ukoo wa Mzee Jama, mimi mtoto wa wafugaji ambaye baba alimleta mjini ili nyumba iwe na mtu mmoja anayejua chuma. Tulikula sahani moja. Alinifundisha kuchomelea, mimi nikamfundisha kusikiliza mkanda, kwa maana mkanda unaokaribia kukatika hulia kabla, kama mbwa aliyefungiwa nje. Tulikata gasketi za kuziba maungio ya injini kutoka kwenye karatasi ngumu za katoni za sabuni, tukazipaka grisi, zikashika kuliko za dukani. Kupima joto la injini tulitema mate juu yake. Mate yakikauka polepole, endelea. Yakirukaruka, zima, hata kama chifu mwenyewe amesimama na ng'ombe wake.

Sasa pipa. Pipa lilikuwa na tabu yake, na sitasema uongo kwa sababu tu nilikuwa upande wake. Maji yake yalikuwa ya moto, na ya moto bila kuni. Akina mama walikuja nayo kuogesha watoto. Waendeshaji mashine walichota ya chai, chai yenye harufu ya dizeli, na walisema ina nguvu. Kiangazi kikiwa kikali, mchungaji aliyechoka kungoja zamu yake alizamisha kibuyu pipani akamnywesha ndama wake. Pipa likipungua chini ya paipu ya juu, maji hayazunguki tena. Injini inaungua. Injini nyingi zilikufa hivyo, na kila moja tuliizika sisi kwa mikono yetu.

Dawa yangu ilikuwa kifuniko cha chuma na kufuli. Nilikiweka kwenye mashine moja ng'ambo ya Kulamawe, pale ambapo ndugu yangu mkubwa Guyo alinyweshea ng'ombe wa baba yetu. Baba alikuwa amefariki na ng'ombe hatukuwagawa. Guyo alichunga, mimi nilileta sukari, majani ya chai na dawa za kupe, na watoto wetu wote walijua majina ya ng'ombe wale. Aliyependwa zaidi alikuwa wa kijivu, tukimwita Dalacha, mama wa nusu ya zizi. Niliporudi kuangalia kifuniko changu nilikikuta juu ya mafiga, mwendeshaji wa mashine, Mturkana mmoja aitwaye Ekai, akichomea chapati. Alinipa moja. Ilikuwa nzuri, na hilo liliniudhi zaidi.

Wakati huo Mzee Jama alikuwa amelala kitandani, hatoki tena, na baada ya muda mfupi tukamzika. Baada ya mazishi ndipo Farah alipoleta wazo lake. Mafundi wote tulikuwa gerejini, chai imemiminwa.

"Walaal, ndugu zangu, nisikilizeni," alisema. "Maji ya pampu inapita hapo karibu na injini, sivyo? Kwa nini tunaweka pipa? Toa paipu moja kwa pampu, maji iingie kwa injini, izunguke, itoke, iende kwa birika. Ng'ombe hata haitajua. Pipa imekwisha, wizi ya maji imekwisha."

"Na kisima ikipungua?" nikauliza.

"Ikipungua namna gani?"

"Kisima haikauki kwa siku moja. Inakohoa kwanza. Inatoa maji kidogo, halafu hewa, halafu maji kidogo. Hiyo wakati ya kukohoa, injini yako inakunywa nini?"

"Kisima ikikauka, wewe unataka injini ya nini? Ya kuangalia?"

Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nikasema vitu viwili vikiwa mbalimbali, kimoja kikifa kingine kinabaki, na unaweza kungoja maji yapande tena usiku, uwashe asubuhi. Ukiviunganisha, ugonjwa wa kimoja unakuwa kifo cha vyote viwili. Farah akasema ninapenda pipa kwa sababu ni la zamani, na mimi mwenyewe nimeanza kuwa la zamani. Nikamjibu kwamba anataka mashine zote zimjue yeye peke yake. Kisha nikasema neno juu ya baba yake na Wazungu aliowabebea mizigo, neno ambalo halikuwa na uhusiano na pipa. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini sisi tulikuwa tumekaa zizi moja miaka yote ile kwa sababu mzee alikuwa hai.

Farah hakuvunja sheria ya kukaa na kitu chake. Ningependa kusema alivunja. Alikwenda, akafunga mashine yake ya kuunganisha, akalala hapo miezi. Lakini alikwenda mvua ikiwa imenyesha vizuri. Wafugaji walikuwa mbali kwenye nyasi na madimbwi, kisima kilikuwa kimejaa, injini ilifanya kazi kidogo tu asubuhi. Alirudi amenenepa, anacheka, na watu wakasema kitu kimejaribiwa. Kimejaribiwa na nini? Na mvua? Mzee Jama alisema kiangazi. Hakusema miezi, alisema kiangazi. Nilipiga kelele hiyo mpaka sauti ikanikauka, na wenye visima, ambao walikuwa wamechoka kununua injini, wakaniambia ninamwonea kijana wa watu wivu.

Mashine za upande wa Kulamawe zikabadilishwa zote, na baadhi za Oldonyiro. Ile ya Guyo ilikuwa ya kwanza kwenye safari hiyo. Farah alihamisha vitu vyake, akafungua gereji yake karibu na soko la mifugo, na nusu ya vitu vya ukutani akaenda navyo, kwa haki kabisa, kwa sababu yeye ndiye aliyevibuni. Mimi nikabaki kwenye gereji ya mzee, ukuta ukiwa na misumari mitupu. Na ile sehemu yake mpya, ya injini ya kuunganisha, hakuitundika kwangu. Sikuenda kwake kuiangalia. Kwa nini niende? Sheria ilikuwa mwenye kubuni atundike, haikuwa wengine wazunguke mji wakiomba kuonyeshwa.

Kisha mvua ikakataa, ikakataa tena. Sitaeleza ukame kwa watu wa Isiolo. Aliyeuona ameuona, na aliyezaliwa baadaye ameuona mwingine.

Habari nililetewa na dereva wa lori. Mashine ng'ambo ya Kulamawe imezimika, kichwa cha injini kimepasuka, watu wamejaa hapo na ng'ombe, na Guyo anasema nije. Kichwa ni kile chuma cha juu kinachofunika silinda. Ninacho! Nilikuwa nacho kizuri, nimekihifadhi ndani ya gunia na grisi. Niliwahi hata kufurahi kidogo, Mungu anisamehe, nikisema moyoni kwamba leo wataona. Nilipanda lori hilo hilo.

Nilipofika Ekai alinipokea bila salamu. Alinieleza kwa sauti ya chini. Kisima kilianza kukohoa siku iliyotangulia. Aliposikia injini inabadilisha sauti alitaka kuzima, lakini wachungaji walisimama mbele yake na fimbo. Kila mmoja ng'ombe wake alikuwa wa pili kwenye foleni.

"Walisema ukizima sisi tutakuzima," alisema. "Mimi nikawacha. Nilitema mate juu ya ile injini, Dida. Mate iliruka. Nilijua."

Zamani, injini yenye pipa lake ingeendelea kupoa hata pampu ikivuta hewa. Sasa hapakuwa na pipa. Niliivua gunia ile sehemu yangu, nikaipangusa, nikaiweka juu ya silinda.

Haikukaa.

Niligeuza. Nikapima matundu ya bolti kwa vidole, nikapima kwa kijiti, kwa sababu macho yangu yalikataa kuamini. Farah, ili apate tundu la kuingizia maji ubavuni, alikuwa ameondoa silinda ya zamani na kichwa chake pamoja, akaweka za injini ya aina nyingine juu ya bamba la chuma alilokata mwenyewe. Kazi safi, ya fundi hasa. Bolti zake zilikuwa mahali pengine kabisa. Kwa njia yote ile, tangu Isiolo mpaka Sericho, hakuna fundi aliyekuwa na kichwa cha kuingia pale ila Farah, na Farah alikuwa Oldonyiro, upande wa pili wa dunia yetu, kwenye mashine nyingine iliyokufa vivyo hivyo.

Ng'ombe walikuwa wamesimama kuzunguka birika kavu. Hawakulia tena. Dalacha alilamba saruji. Guyo alikuja akasimama kando yangu, akaangalia chuma kilicho mikononi mwangu na chuma kilicho kwenye injini.

"Haiingii?"

"Haiingii."

"Ugonge na nyundo."

Mtu mzima, ndugu yangu mkubwa, aliniambia nigonge na nyundo. Nilimweleza habari ya bolti. Nikamweleza na habari ya pipa, na jinsi nilivyomwonya Farah, na mvua, na sheria ya Mzee Jama. Nilieleza sana. Aliniacha nimalize.

"Abbo, ndugu yangu," alisema, "mimi sijui kama mashine ni moja ama mbili. Mimi najua wewe na Farah mlikuwa mafundi wa hapa, na leo hakuna fundi."

Aliwasukuma ng'ombe kuelekea mtoni siku ile ile. Hata mto ulikuwa mbali, na hata ukifika unachimba mchanga. Niliwaona wakiondoka, nikiwa nimekalia gunia langu. Guyo alifika mjini baadaye na watoto wake, fimbo, na kamba aliyomfungia Dalacha akimkamua. Aliitundika kamba hiyo nyumbani kwangu, akatafuta kazi ya kulinda duka la saruji na mabati. Aliifanya mpaka kufa kwake. Mtu aliyejua kila ng'ombe kwa kwato zake alimaliza maisha akihesabu magari ya wengine yakipita. Hakunilaumu tena hata mara moja, na ningelipa chochote anilaumu.

Farah alikuja kwangu baada ya kusikia. Alisimama mlangoni, vumbi la Oldonyiro bado kwenye kofia yake, akasema, "Pole, walaal. Wallahi, pole." Nikamwambia pole hainyweshi ng'ombe. Akangoja kidogo, kisha akaenda.

Sasa Halima, swali lako. Nani alishinda? Farah alishinda. Alibuni kikopo kidogo cha bati, chenye tundu dogo chini, kinachojaa maji ya paipu. Maji yakikatika kikopo kinakuwa chepesi, kinapanda, kinavuta waya, waya unafunga dizeli, na injini inazima yenyewe kabla haijaungua. Hakuna fimbo ya mchungaji inayoweza kubishana na kikopo. Alikaa nacho kiangazi, kiangazi cha kweli. Baada ya hapo mashine zote zikawa za kuunganisha, na pipa likawa la kuhifadhia unga. Nimetafuta miaka mingi kasoro katika kikopo kile. Sijaipata, na inaniuma.

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta kimoja kimetundikwa kwenye ukuta wangu, kwa waya, kama zamani, karibu na vile vipande vya bushi. Sikuuliza nani amekileta. Sikukishusha kukipima, wala sikukitupa. Kipo mpaka leo, kimeshika kutu.

Kwa hiyo wale watu wako wa kompyuta waache wagombane, huenda wote wana sababu nzuri. Ila ukiona wameanza kuficha kazi zao, au wameacha kwenda kutazama za wenzao, angalia haraka ni ng'ombe wa nani wanaokunywa hapo. Mimi sina shauri lingine.

Farah yuko hai. Tumezeeka pamoja bila kuzungumza. Ijumaa wazee tunapewa safu ya mbele, na mara nyingi najikuta bega lake liko karibu na langu. Mwisho wa swala lazima mtu ageuze uso kulia atoe salamu, kisha kushoto. Mimi namgeukia, yeye ananigeukia, kila mmoja anasema kwa sauti ya chini, assalaam aleikum warahmatullah. Hizo ndizo salamu zetu tangu mwaka ule wa ukame. Kisha tunasimama, kila mtu anatafuta viatu vyake.